Bahasha ya Primitiva Choque

Saa mbili asubuhi lori la barua lilipita kijiji cha Huancaraya, likashusha kwenye zahanati mfuko wa majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi. Nesi Eudocia alizitoa bahasha moja moja. Za majibu mazuri zilikuwa nyepesi. Ya Primitiva Choque haikunyanyuka.

Ndivyo zilivyo bahasha za majibu mabaya huku nyanda za juu: kila siku inayopita zikiwa mezani kwa wakubwa wa mkoa, zinaongezeka uzito. Eudocia aliivuta kwa mikono miwili, akakadiria. Kilo arobaini na kitu. Miezi kumi na minne, basi. Aliifunga mgongoni kwa shuka la kubebea watoto, akapanda mlima.

Primitiva alikuwa uani, akikanyaga viazi vya kukausha kwa miguu mitupu ili maji yatoke.

"Umeniletea mbolea, nesi?"

"Majibu yako, mama."

"Hayo? Na wewe ulinipangusa kwa kipamba tu!"

Mumewe, Fortunato, akaangua kicheko.

"Ni ya mwaka jana," Eudocia alisema.

Fortunato akavua kofia.

Primitiva aliifungua bahasha. Palepale ikawa nyepesi, nusura upepo uichukue. Uzito ukamkalisha yeye chini; sasa yeye ndiye aliyeshindwa kuinuka. Eudocia akaketi naye, akampitishia mkono kwapani, akachukua nusu ya ule uzito. Ni kazi aliyoizoea. Bega lake moja lilishashuka siku nyingi.

"Nitakufa?"

"Imeandikwa seli zimebadilika. Siyo saratani. Zikiwahiwa zinachomwa, jioni uko nyumbani kwako."

"Zikiwahiwa."

"Ndiyo, mama."

"Na hao waliokalia karatasi yangu mwaka mzima, makalio hayakuwauma?"

Jioni ile Eudocia aliwaandikia wakubwa wa mkoa kwamba majibu yaletwe upesi. Wakajibu siku ya tatu, jambo ambalo halijapata kutokea. Walileta toroli jipya, pamoja na waraka wa kurasa sita kuhusu namna ya kuinama bila kuumiza mgongo.

Basi akampakia Primitiva kwenye toroli, maana uzito haukuwa umepungua. Eudocia akasukuma, Fortunato akavuta kwa kamba, mwendo wa siku nzima mpaka hospitali ya mkoa. Mlinzi akawaonyesha pa kuliacha, kisha wakamshika Primitiva huku na huku wakaingia naye.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alipomaliza akavua glovu polepole.

"Mwaka jana ingekuwa kazi ya dakika kumi," alisema, akaandika rufaa ya La Paz, kwenye wodi ya saratani.

Primitiva aliuliza kama huko La Paz wanaruhusu mtu aje na viazi vyake. Eudocia akasema atauliza, akamshika mkono kwa nguvu.

Fortunato alitangulia nje kuchukua toroli, akakawia. Wakamkuta amesimama katikati ya uwanja, kamba mkononi.

"Lenu lipi, mzee?" mlinzi alimuuliza.

"La bluu. Jipya."

Mlinzi akatazama safu za matoroli zilizopangwa mpaka ukutani.

"Yote ya bluu, mzee. Yote mapya."