Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu akaandika kitabu. Kurasa mia nne na kumi na sita. Alitugawia wanafamilia kila mmoja nakala yake, ndani ameweka sahihi na tarehe, kama mtu anayekabidhi mashine iliyokwisha kukaguliwa.

Wiki haijaisha, pongezi zikaanza kumiminika. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alisema amekimaliza kwa siku mbili na roho ilimuuma kilipoisha. Mkewe akasema kuna mahali alilia. Shangazi, dada wa mzee, akaahidi kukirudia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesema, "Mimi nimeyaishi hayo, niyasome ya nini tena?" Akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Mimi nilikuwa ukurasa wa tisa.

Mimi ni kinyozi. Mzee huja dukani kwangu kila Jumamosi asubuhi kunyolewa ndevu, na tangu siku ile, hata sijamaliza kumfunga shuka shingoni, swali lilikuwa hilohilo.

"Mkwe, umefika ukurasa wa ngapi?"

Wenzangu walimpongeza kwa simu. Mimi nilikuwa naye kwenye kioo, macho kwa macho, na wembe mkononi. Kazi yangu haitaki mkono unaotetemeka, na mimi nikisema uongo hutetemeka.

"Wa kumi na nne, baba."

"Aa. Kwenye waya."

"Ndiyo, bado niko kwenye waya."

Sura mbili nzima zilikuwa za waya. Nakumbuka sentensi moja: "Lifti ya jengo la posta ilikuwa na nyaya nne, kila mmoja unene wa milimita kumi na tatu, isipokuwa wa pili kutoka kushoto, ambao nitaueleza baadaye." Baadaye yenyewe ilikuwa ukurasa wa themanini na saba. Nilifika huko baada ya miezi mitatu.

Nilijikaza kisabuni. Nilisoma kurasa mbili mbili nikingoja wateja. Nilisoma nimesimama, nikasoma natembea. Nilijaribu hata kumsomea kwa sauti mteja wangu mmoja dereva wa lori, ambaye kichwa chake hakitulii hata kidogo, kila nikiweka mashine anageuka kuangalia barabarani. Kabla sijamaliza aya ya pili alikuwa anakoroma. Sijapata kumnyoa vizuri kama siku ile. Basi kitabu kikapata kazi, nikakiweka chini ya kioo, karibu na poda, kwa ajili ya wasumbufu.

Shemeji akanibandika jina: Konokono. Tukikaa mezani kwa wakwe, atauliza, "Konokono ametambaa mpaka wapi?" na watu watacheka, na mzee atacheka kidogo, halafu ataangalia sahani yake.

Mke wangu alinionea huruma. "Si useme tu umemaliza?"

"Akiniuliza mwisho je?"

"Mwambie mwisho ulikuwa mzuri."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila nilikuwa nimeshachelewa. Huwezi kuwa ukurasa wa mia na sitini Jumamosi hii, halafu Jumamosi ijayo umemaliza.

Sasa, nilipofika ukurasa wa mia na tisini na mbili, jambo likatokea. Mzee anaeleza lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kwenye jengo lenye ukumbi wa harusi juu kabisa. Nikasoma hivi: "Nilipofanikiwa kuufungua mlango, nikamkuta bibi harusi yuko peke yake, amekaa chini, viatu amevivua. Akaniangalia, akaniambia" — na ukurasa ukaishia hapo.

Nikafunua upesi. Mara ya kwanza tangu nianze, nilifunua upesi. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe. Nikafunua tena, mweupe. Kurasa kumi na sita, hakuna hata nukta. Maandishi yalirudi ukurasa wa mia mbili na tisa, na huko mzee alikuwa anaeleza mafuta ya kulainisha reli.

Nilijua ni nakala yangu tu imeharibika. Jumapili tukiwa kwa wakwe, watu wamekwisha kula, nikasema bila nia mbaya yoyote, "Shemeji, hebu niazime kitabu chako siku mbili. Changu kina kurasa nyeupe katikati."

Shemeji akasema hajui amekiweka wapi. Mama mkwe akanyoosha mkono juu ya kabati. "Chukua hiki, bado kipya."

Nikafunua palepale. Peupe. Mzee akaweka kikombe chini. Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na nakala tatu kutoka kwenye boksi, akazifunua moja moja mezani. Zote zilikuwa hivyohivyo. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Wewe ulimaliza kwa siku mbili."

"Ndiyo, baba."

"Na hizi?"

Shemeji akakohoa. "Nilidhani ni mtindo, baba."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alianza kukusanya sahani ambazo zilikuwa zimeshakusanywa. Mzee akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Mke wangu alinikazia macho, nikajua nani anatakiwa kumfuata.

Nilikaa pembeni yake. Mikono yake ilikuwa magotini.

"Na wewe hukukipenda," akasema.

"Kilinishinda mara nyingi, baba."

"Mbona hukuacha?"

"Kila Jumamosi ulikuwa unaniuliza. Nikaona aibu kukujibu ukurasa uleule." Nikasita, halafu nikasema kilichokuwa kinanikera tangu juzi. "Lakini baba, yule bibi harusi alikwambia nini?"

Akageuka kuniangalia kama anayetafuta mzaha usoni kwangu. Hakuuona.

"Aliniambia, 'Fundi, usiharakishe.'"

"Ukafanyaje?"

"Sikuharakisha. Nilikaa naye, nikawa nagonga chuma kwa spana kila baada ya muda ili walio juu wasikie kazi inaendelea. Aliniuliza kama mimi nilipooa nilikuwa na hakika. Nikamwambia sikuwa na hakika ya kitu kingine chochote, ila hilo tu. Akafikiri sana. Akasema, 'Basi nishushe.' Nikamshusha, akatokea mlango wa nyuma, viatu mkononi."

"Na walio juu?"

"Ilibidi mtu akawaambie. Nikapanda mwenyewe. Waliposikia lifti inakuja wakaanza kupiga makofi, mlango ukafunguka, wakaniona mimi na spana yangu."

Kicheko kilitoka nyuma yetu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake nyumba nzima.

"Hilo hujawahi kunisimulia," alisema.

"Niliandika. Ukurasa wa mia na tisini na tano."

Mama mkwe akaja kukaa upande wake wa pili, akamwambia aanze upya, na safari hii amsimulie na yeye. Shemeji akaomba radhi, mzee akamwitikia kwa kichwa tu, naye akachuchumaa chini kama mwanafunzi.

Mchapaji alikiri kosa, akazitoa zile kurasa kumi na sita kama kijitabu. Kijitabu hicho kimezunguka mtaa mzima, yule dereva wa lori amekisoma mara mbili. Mzee amefurahi, ila hajaridhika. "Na zile mia nne nyingine?" aliniuliza.

Siku hizi Jumamosi anakuja na nakala yake na kalamu nyekundu. Namnyoa, halafu tunakaa kwenye benchi la wateja, ananionyesha aya kwa kidole.

"Usingizi ulianzia hapa?"

"Mapema kidogo, baba."

Anavuta mstari, anapandisha kidole juu, ananiuliza tena.