Sekunde Saba za Mama Mdogo

Kazi yangu ni kubonyeza kitufe kimoja, na kwa kitufe hicho nimelaaniwa na watu ambao hata hawanijui. Kipindi chetu cha asubuhi tunadai ni cha moja kwa moja, lakini mtazamaji hupata kila neno likiwa limechelewa sekunde saba. Mtu akipiga simu akatukana, nabonyeza, sekunde saba zinatupwa, na nyumbani wanaona picha imeruka kidogo tu. Ukutani pana orodha ya yasiyopita. Nilipoanza kazi, neno "mimba" halikupita. Siku hizi watu wanafumaniana na kurudiana mbele ya watoto wanaokunywa chai, na hakuna anayejali. Ila orodha haijapungua hata mstari. Imehama tu, kutoka vyumbani mwa watu kwenda ofisini mwa wakubwa.

Jumatatu ile yaliongezwa mawili kwa kalamu: jina la shule iliyoungua, na neno "kufuli".

Aliyeyaongeza ni afisa wa mamlaka ya utangazaji. Tunamwita Mkasi, na yeye anajua. Alikuwa ameketi nyuma yangu na daftari lake, ananipumulia kisogoni. Upande wa pili wa kioo, mtangazaji alikuwa akimchekea mkurugenzi wa elimu, aliyekuja kueleza kwamba bweni liliungua kwa hitilafu ya umeme, kwamba mlango ulikuwa wazi, na kwamba wasichana kumi na mmoja walizidiwa na moshi usingizini.

Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa binti wa mama mdogo, mama mdogo aliyenilea mimi. Kazini sikumwambia mtu. Ningesema, ningeondolewa kwenye kitufe siku hiyo hiyo.

Simu ya tatu ikaunganishwa. Niliijua sauti kabla hajamaliza kusema habari za asubuhi. Mama mdogo hakuwa ameniambia kwamba atapiga. Lakini nilijua atasema nini, maana kwa wiki tatu alinisimulia jikoni kwake: alichakura majivu kwa mikono yake, akaliokota kufuli likiwa limefungwa, na komeo la nje bado limo.

"Huyu ni mzazi," Mkasi akasema. "Kaa tayari, dada."

Nikikata, ningekuwa nimemziba mdomo mama aliyenilea. Nisipokata, unga unamwagika, na huenda nisiishie kufukuzwa tu.

Sasa, mashine yetu ni kuukuu. Ukishabonyeza mara moja, haikubali tena mpaka ijaze sekunde saba nyingine, na kuzijaza kunaichukua karibu dakika nzima. Muda huo taa inakuwa ya njano, na kinachosemwa kinafika nyumbani kama kilivyo. Mafundi wote tunalijua hilo. Mkasi, na vyeo vyake vyote, alikuwa halijui. Ningeupoteza mkato wangu mapema, kwenye maneno yasiyo na uzito, mama mdogo angepata dakika ya kusema lake.

Akasalimia studio nzima. Akajitambulisha, ni mama wa nani, anaishi mtaa gani. Salamu na utambulisho, nani atavikosa? Nikabonyeza.

"Umekata nini?" Mkasi akauliza.

"Nimesikia kama anataja shule, mzee."

"Hajaitaja!"

"Basi ni masikio yangu."

Taa ikawa njano. Kwenye kioo cha mashine sekunde ya kwanza ikajaa, kisha ya pili. Mama mdogo akamshukuru mtangazaji kwa nafasi. Akawapa pole wazazi wenzake. Akakohoa, akaanza kulia. Ya tatu. "Pole mama, chukua muda wako," mtangazaji akasema, na mimi ningeweza kumnyonga. Ya nne. Nilijikaza kisabuni, kucha zimezama kiganjani, namwomba moyoni aseme, aseme sasa hivi. Mkurugenzi akaingilia kati, akamhakikishia kwamba uchunguzi umekamilika na mlango ulikuwa wazi. Ya tano. Ya sita.

"Wazi?" mama mdogo akasema. "Kufuli ninalo hapa, mheshimiwa, limefungwa. Lilikuwa nje ya mlango. Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Kata!"

Nikabonyeza. Taa ikabaki njano. Mkasi akanisukuma na kiti changu, akabonyeza mwenyewe kwa dole gumba, mara nne.

Ndipo Mkasi alipokisoma kibandiko kilicho chini ya kitufe: taa ikiwa njano, haikati. Akanigeukia.

"Ulijua."

"Huu ni mwaka wa tano tunaomba mashine mpya, mzee."

Mashine huandika kila inapobonyezwa, na dole gumba lake nalo lilikuwa limeandikwa humo; akinishtaki, naye angeulizwa. Akafungua daftari, akaandika: hitilafu ya mitambo. Unga wangu haukumwagika.

Mchana nilikwenda kwa mama mdogo, kichwa kimenivimba. Njia nzima watu walizungumzia kufuli, kwa kinyozi, dukani, kila mwenye simu. Nilitaka nimwambie kwamba ni mimi niliyelipitisha.

Nilimkuta ameketi na simu ya baba mdogo mkononi, anatazama kipande cha kipindi kilichosambaa.

"Nirudishie mwanzo, mwanangu. Vitu hivi mimi sivijui."

Nikarudisha. Mtangazaji akakaribisha simu, picha ikaruka, kisha sauti ya mama mdogo ikashukuru kwa nafasi. Akaniomba tena. Nikarudisha.

"Mbona hayupo?" akaniuliza. "Nilimtaja. Jina lake, la baba yake, la babu yake, yote matatu. Kwenye ripoti yao wameandika kumi na moja, basi, kama viti. Hicho ndicho nilichopigia simu, asikike naye ana jina. Hilo kufuli lilinitoka tu kwa hasira, yule bwana aliponikera."

Nikakaa karibu naye.

"Rudisha tena," akasema. "Labda limo, mimi ndimi nisiyesikia vizuri."

Nikarudisha. Akaisogeza simu sikioni, akafumba macho ili asikie. Picha iliporuka kwa mara ya tatu, nikamwambia ni mimi niliyelikata.