Mtu wa Kiti cha Pili

Wajaribu kumi na wawili walikuwa wameucheza mchezo wa kompyuta wa nyambizi alioutengeneza binti mmoja. Kumi na mmoja walikata tamaa, wa kumi na mbili akalala. Bosi hakumung'unya maneno: aweke alama nyekundu ya kuonyesha meli ya adui ilipo, la sivyo Ijumaa mchezo mzima unatupwa.

Binti hakutaka kusikia. Baba yake alitumika chini ya maji miaka ishirini na miwili, kazi yake kuvaa vipokea sauti na kusikiliza. Ndiye aliyemwambia kwamba kule hakuna alama, ni masikio yako tu. Kuweka alama kungekuwa kumfanya baba mwongo.

Basi akamleta mzee ofisini awazibe watu midomo. Mzee akavaa vipokea sauti, akafumba macho kwa madaha. Bosi alisimama nyuma, mikono kifuani.

Meli ya adui ikaja kutoka kushoto. Mngurumo ulivuja nje hata bosi akausikia. Mzee hakugusa kitu. Binti alijua masikio ya baba yamechoka, redio ya nyumbani hupigwa kwa sauti mpaka majirani wanaimba nayo, lakini hakujua ni kiasi hiki. Mkono ukaenda wenyewe, ukamgusa bega la kushoto, kama afanyavyo nyumbani kabla ya kusema naye.

Palepale mzee akazima injini, akaigeuza nyambizi kulia taratibu. Meli ikapita.

Alipovua vipokea sauti, macho yalikuwa yamelowa. "Mwenzangu alikuwa akinigusa hivyohivyo."

"Mwenzako yupi, baba?"

"Wa kiti cha pili. Tulikuwa wawili siku zote, mwanangu. Mmoja akipitiwa, mwenziwe anamgusa bega la upande wa sauti. Peke yako huwezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ujue baba yako alisikia mwenyewe."

Miezi minane amewatesa watu kwa ugumu ambao haukuwahi kuwepo! Binti alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja.

Ijumaa mchezo ulifunguka kwa swali moja: kiti cha pili kiwe na mtu, au kiwe kitupu? Akiwepo mtu, ukingo wa skrini hutikisika kidogo upande wa sauti.

Mzee alilisoma swali, akachagua kitupu. Binti akanywea. Kisha mzee akavuta kiti cha kando yake.

"Kaa basi," alisema.