Mashua Inayotazama Ilikotoka

Kitendawili. Mgeni wangu aliingia nyumbani kabla sijaweka mlango, na siku akitoka nyumba inaanguka. Ukinijibu kwamba ni roho, umepata nusu. Nusu ya pili ni hii: mgeni huyo alitokea wapi? Usinipe mji bado. Vuta mkeka, usikilize kwanza habari za Sharat.

Sharat alikuwa mjane wa mfua fedha katika mji wa Kalat Saleh, ukingoni mwa mto Hidekeli. Kila siku saa kumi na moja jioni, mwaka wa tatu wa vita, aliandaa chai katika karakana ya marehemu mumewe: vikombe viwili vya kioo, sukari imelala chini, mkate na malai ya nyati pembeni. Kikombe kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mwanawe Ram, aliyeuawa mpakani mwezi wa pili.

Ram hakuchelewa hata siku moja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akafuta buti zake kwenye gunia, akaketi kwenye kigoda cha baba yake. Kisha alichukua kalamu ya chuma na kuendelea kuchora kifuniko cha kisanduku cha fedha, kazi aliyoiacha katikati alipoitwa jeshini. Chai hakuinywa, ila ilipoa upesi kuliko ya mama yake. Majirani waliopita walimsalimu. Muuza barafu alimkumbusha kwamba bado hajamrudishia koleo lake, na Ram akamwambia limo kwenye sanduku la chini, aje alichukue.

Tatizo halikuwa kuja kwake. Tatizo ni kwamba alipaswa awe amekwisha kwenda. Baba yake, Zahrun, alikufa kwa utaratibu, kitandani, amevaa nguo zake nyeupe, na hakuwahi kurudi hata kuulizia nyundo yake.

Watu wetu wanaitwa Wamandayo, na maana ya jina hilo ni wanaojua. Tumefundishwa tangu enzi za mababu kwamba roho si mwenyeji wa hapa. Imetoka kwenye Nuru ikafungiwa ndani ya udongo, na kinachoirudisha kwao si nguvu wala cheo. Ni kujua ilikotoka. Njiani kuna nyumba za walinzi, na katika kila nyumba roho huulizwa jina na ishara. Zamani nyumba hizo zilikuwa huko juu. Lakini mwaka ule vijana walikufa kwa wingi mpaka foleni ikashuka hadi mtoni, na walinzi wakalazimika kufungua meza ya ziada kwenye kichwa cha daraja la Kalat Saleh, jirani na muuza barafu.

Aliyewekwa pale alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye kandambili na daftari refu, na mgongo ulimsumbua. Kila jioni, baada ya chai, Ram alishuka akapanga foleni na wenzake wa magwanda. Ikifika zamu yake, mlinzi aliuliza jina bila kuinua macho.

"Ram, mwana wa Sharat."

Maana kwetu mtu hujulikana mbele za Nuru kwa jina la mama, si la baba. Mlinzi alipitisha kidole kwenye daftari kutoka juu mpaka chini, akalamba kidole, akafunua ukurasa, akapitisha tena.

"Hayumo. Njoo kesho."

Sharat alikuwa amefanya yote yanayofanywa. Mtu wetu akifa bila nguo nyeupe za ubatizo mwilini, hutafutwa mwingine wa rika lake azivae kwa niaba yake, kuhani akamsomea. Kuhani Mhatam alisoma tangu alfajiri mpaka jua likawa la utosi, na binamu mmoja akasimama badala ya Ram. Nguo zilimfikia Ram siku ileile, ila hazikuvalika. Kila alipotia mkono, shati lilijikunja likamrudishia mkono wake. Alizikunja vizuri akaziweka kwenye rafu ya karakana. Zilisomwa kwa ajili ya mwana wa Sharat, na mtu huyo hakuwahi kuzaliwa.

Siku ya karamu ya kumkumbuka, Sharat alipanga vyakula vya marehemu kwenye sinia: samaki, nazi, komamanga, mkate. Kando akaweka fungu moja zaidi, kama alivyofanya kila karamu kwa miaka ishirini. Buran, mke wa kuhani, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, akauliza kama alivyouliza kila mwaka.

"Na hiki cha nani, Mama Ram?"

"Kimezidi tu," akasema Sharat.

Mwezi wa tatu ulipoingia, theluji ya milimani ilianza kuyeyuka na mto ukapata rangi ya matope. Mlinzi akatangaza kwenye foleni kwamba maji yakifika miguu ya meza, meza inaondolewa, na ambaye hajapita ndiyo basi, atabaki hapa mpaka dunia ifungwe. Ram aliileta habari hiyo nyumbani kama mtu anayeleta habari ya bei ya mchele.

Kesho yake Sharat akajitanda akashuka mwenyewe darajani. Alimbebea mlinzi chai, maana aliona pale hapakuwa na mtu wa kumpikia. Akamwomba amtazamie vizuri, pengine kurasa zimeshikana.

"Mama, mimi siandiki, nasoma tu," alisema mlinzi. "Kijana huyu nani alimzaa?"

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Sikuuliza hivyo."

Alikunywa chai yake, akamshukuru, akaita anayefuata.

Jioni ile Sharat alimwambia Ram kwamba aliyemzaa ni Mamania. Ram alikuwa akimjua Mamania kwa jina tu, mama yake mdogo aliyehamia Baghdadi na kufia huko. Alipuliza chembe za fedha kwenye kifuniko.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "hii pua nimeitoa wapi."

Akateremka na jina jipya. Mlinzi alilitafuta, akalipata, akaliwekea kidole. Kisha akamtazama Ram kwa mara ya kwanza.

"Hili umelisikia lini?"

"Leo."

"Basi umesikia, hujajua. Ishara yake?"

Ram hakuwa na ishara.

"Njoo kesho," akasema mlinzi, akageuka kuangalia maji.

Ndipo Sharat akaanza kusimulia, naye alikuwa amefunga mdomo kwa miaka ishirini na miwili. Jioni ya kwanza alisimulia habari za utoto. Walivyokuwa wakiamka Jumapili na dada yake, wakavaa nguo nyeupe ambazo mama yao alizikausha juu ya paa, wakateremka mtoni na wanawake wengine kungoja zamu ya kubatizwa. Maji yakiingia, nguo ya Mamania ilifutuka kama puto naye akacheka, na kicheko chake kikawaambukiza wote hata kuhani mzee akakosea sala. Alimsimulia harufu ya lami ikichemka kwenye kiwanja cha wajenzi wa mashua, na Mamania aliyeweza kuzama upande huu wa mashua mbili zilizofungwa pamoja akaibukia upande wa pili, taji lake la majani ya mihadasi likiwa bado kichwani. Mama yao alikuwa akiwatega vitendawili huku akiwasugua miguu kwa mchanga. Kile cha mgeni na nyumba ndicho alichokipenda kuliko vyote. Sharat alijibu upesi kwamba ni roho. Mamania yeye aliuliza kama huyo mgeni anawakumbuka waliomleta. Mama yao akammwagia maji kichwani na kumwambia anyamaze.

Jioni ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alisimulia habari za fundi wa mashua aliyemwahidi Mamania taji la ndoa, kisha fundi huyo akavikwa taji pamoja na mwanamke mwingine huko Nasiriya. Kuzaa kabla ya taji ni jambo lisilotajwa. Zahrun na Sharat walikuwa hawajapata mtoto, kwa hiyo Mamania alifichwa chumba cha nyuma, na Sharat akajifunga godoro la mtoto tumboni miezi mitano, katika joto lile, akipokea hongera za watu. Alisimulia mafuriko ya mwaka ule, maji yakikaa kizingitini kama mgeni aliyeambiwa asubiri, na Mamania akijifungua bila kutoa sauti kwa sababu Buran alikuwa sebuleni amekuja kuazima ungo. Siku arobaini alimnyonyesha. Kisha mjomba akaja na gari akampeleka Baghdadi. Akaandika barua mbili. Katika moja alisema kule watu wanaoga maji ya bomba, na maji ya bomba hayatoki popote wala hayaendi popote. Mwaka wa tatu akafa katika chumba cha kupanga, na gauni la kawaida mwilini, akazikwa bila taji na bila kusomewa.

Ram alisikiliza bila kuacha kuchora. Mto ulikuwa umebakiza vidole vinne ufike mezani.

Jioni ya tatu Sharat hakuwa na habari kubwa tena, akabakiwa na vitu vidogo. Akasema Mamania alipenda kuchora kwenye matope ya ukingoni kwa kijiti, na kila mara alichora mashua. Ila mashua zake zilikuwa na kasoro. Zote zilikuwa na omo, ile ncha ya mbele, lililopinda kama shingo na kutazama nyuma. Watoto wengine walimcheka wakasema mashua ya namna hiyo itagonga mwamba. Naye aliwajibu kwamba inaangalia kama mama yake bado yupo ukingoni.

Kalamu ya chuma ilisimama. Ram akakigeuza kile kifuniko cha fedha akakisogeza mbele ya Sharat. Palikuwa na mtende, palikuwa na kibanda cha matete, palikuwa na mashua, na mashua ilikuwa imegeuza shingo.

Sharat aliijua mashua hiyo. Ram aliichora hivyo tangu ana miaka tisa, na Zahrun alimpiga vidole kwa rula zaidi ya mara moja, kwa kuwa wateja wanataka mashua inayotazama mbele. Walidhani ni ukaidi.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Sharat.

"Hakuna," alisema Ram. "Nilikuwa najua tu."

Sharat alishuka naye siku hiyo, birika la chai mkononi. Maji yalikuwa yanalamba miguu ya meza na mlinzi alikuwa ameweka kandambili zake juu ya daftari zisilowe. Ram alitaja jina lake na la aliyemzaa. Alipoulizwa ishara, alichovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani akachora mashua ile kwa mikato mitatu. Mlinzi aliitazama, akaifuta kwa kiganja, akasogeza kiti chake upande.

"Pita."

Nguo nyeupe, ambazo Sharat alikuwa amezibeba kwapani, zikamkaa Ram kama zilizopimwa. Magwanda aliyaacha kwenye reli ya daraja, na kijana aliyemfuata foleni akayasogeza kando ili aegemee. Ram alivuka. Katikati ya daraja akageuza shingo kutazama ukingoni, huku miguu ikiendelea kwenda mbele.

Mlinzi alianza kukunja meza. Sharat akamsaidia kushika upande mmoja, akamuuliza kama Mamania naye alipita.

"Yupo kwenye nyumba ya pili, kakaa kwenye benchi," alisema mlinzi. "Anajua kila kitu yule, jina na ishara. Ila hajasomewa. Akisomewa upande huu, mimi huku sina neno." Kisha akauliza kama ile chai ya kwenye birika imebaki kidogo, njia ni ndefu.

Sharat akaenda kwa kuhani Mhatam siku iliyofuata. Mhatam ndiye aliyembatiza Ram kwa jina la Sharat, tena akijua, maana ndiye aliyemwazima mjomba gari. Alimkaribisha vizuri. Akasema anamkumbuka Mamania, alikuwa na sauti nzuri. Akasema pia kwamba akilisoma jina hilo mbele za watu, wataanza kuhesabu miaka, na wakimaliza kuhesabu watamuuliza yeye.

"Nawe utawajibu," alisema Sharat.

"Dada yangu, mimi bado nina watu wa kuwabatiza," akasema kuhani, akamfungulia mlango mwenyewe kwa heshima.

Zikaja zile siku tano za mwaka ambazo milango ya Nuru huwa wazi na Wamandayo wote hushuka mtoni. Mihadasi ilinukia mji mzima kama utotoni mwa Sharat. Chini ya kivuli cha matete watu walikaa kuzunguka masinia, na kuhani Mhatam akafungua orodha ya marehemu. Alisoma muda mrefu, kwa kuwa vita vilikuwa vimeirefusha. Alimsoma Zahrun. Alimsoma Ram, mwana wa Sharat, kama kawaida. Alifika mwisho, akaikunja orodha, akaitia kifuani. Watu wakaanza kumega mkate.

Sharat alikuwa amepanga mafungu yake: la Zahrun, la Ram, na lile moja zaidi, lenye nusu ya komamanga na kipande cha samaki chenye mafuta. Buran akainama kupitisha chumvi, macho yake yakatua palepale yanapotua kila mwaka.

"Na hiki cha nani, Mama Ram?"

Mto ulikuwa unapita kwa sauti, ila si kubwa ya kumzuia mtu asisikike.

"Cha mama yake Ram," akasema Sharat. "Mamania, mdogo wangu."