Jiko la Mwanamke Mwingine

Miaka kumi na saba mshonaji yule alipika kwenye jiko lenye kabati la mlango mmoja, na huo mmoja wenyewe ulifungwa kwa kamba. Na mumewe alikuwa nani? Fundi seremala! Tena si seremala wa kubahatisha. Makabati ya nusu ya mtaa yalitoka mikononi mwake, na wateja walimsifu mpaka mate yakawakauka. Mkewe akiomba rafu mbili tu za sufuria, jibu lilikuwa moja: "Nusu, mke wangu, ngoja nimalize hii oda." Nusu lilikuwa jina lake la utani, kwa sababu ya kimo: akisimama na mumewe, utosi wake ulimfika kwapani. Oda hazikuisha.

Sasa nyumba ilikuwa inauzwa. Fundi alitaka kiwanja kando ya barabara kuu, ajenge karakana kubwa, wao wawili wakae vyumba vya nyuma. Nusu hakubisha. Nyumba yenyewe ilikuwa na nini cha kulilia? Bati linavuja, mlango wa bafu hauna kitasa, jiko ndilo hilo. Hati ilikuwa na majina yao wote wawili, naye akasema mnunuzi akipatikana atatia sahihi, basi.

Lakini dalali akaja, akazunguka vyumba vyote huku anaguna. "Fundi, mtu akiiona nyumba hii hivi ilivyo atatoka mbio. Ipendezeshe kwanza. Mwanamke akiingia jikoni akatabasamu, umeuza."

Mwanamke akitabasamu! Loo, Fundi akavua shati siku ile ile. Kwa wiki mbili bati likabadilishwa, kitasa kikapatikana, kuta zikapigwa rangi. Jikoni akatundika makabati ya mbao nyekundu, milango sita, na chini yake droo za kuteleza zenyewe ukizigusa. Nusu alimkuta anapiga msasa huku anapiga mluzi. Mluzi, jamani!

"Unamtengenezea nani yote haya?"

"Mnunuzi."

"Mwanamke?"

"Nitajuaje, Nusu? Pengine."

"Mh," akasema Nusu, akatoka.

Wivu ulimshika hapo. Hakumjua huyo mwanamke kwa sura wala kwa sauti, lakini alimchukia kana kwamba amemfuma sebuleni. Angekuwa hawara, angalau angejua pa kuanzia ugomvi. Huyu hata jina hakuwa nalo, na tayari amejengewa jiko! Mchana, kwenye cherehani, Nusu alishona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani. Jioni alikataa kugusa makabati yale. Akabeba jiko lake la mkaa, akapikia uani, uso umemvimba. Akala kiapo kwamba siku mwanamke huyo akija, atamwambia ubovu wote wa nyumba.

Jumamosi asubuhi dalali akaleta mteja, mwalimu mmoja mrefu. Nusu alimbandika jina la Mlingoti pale pale mlangoni.

"Karibu, dada. Mvua ikinyesha, chumba hicho kinaingia maji."

"Kilikuwa kinaingia," Fundi akadakia. "Nimeshabadilisha bati."

"Na majirani wana makelele, hakulaliki."

Dalali akakohoa, akawasukumia wote jikoni. Na kweli, Mlingoti alipoyaona makabati alitabasamu hadi jino la mwisho. Roho ilimuuma Nusu, akajikaza kisabuni. Mgeni akainama kuvuta droo, akainuka, na paji la uso likagonga kabati la juu.

"Mama wee! Mbona yako chini hivi? Kwani anapika mtoto humu?"

Nusu akasogea, akanyoosha mkono. Ukafika rafu ya juu kabisa bila kigoda, bila kusimama kwa vidole. Maisha yake yote hakuwahi kufikia rafu ya juu ya mtu yeyote. Akamtazama mumewe, na Fundi mwenyewe alikuwa ameduwaa.

"Sikupima kwa futi," akasema Fundi. "Mkono ulijiendea tu."

Furaha iliyompanda Nusu haikumaliza hata dakika, kwa sababu Fundi alimgeukia mgeni. "Hilo dogo, dada. Nitayapandisha leo leo."

Nusu akamvuta mumewe hadi barazani.

"Umenipimia mimi, halafu unampa yeye? Mimi nikimpima mteja, nguo yake simvishi mwingine. Sitii sahihi."

"Usiniaibishe mbele ya watu! Unamwonea wivu mtu hata humjui?"

"Ndiyo, wivu. Ninao, na unaniwasha!"

"Lakini si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kuuza nyumba mbovu."

Fundi akafungua mdomo ambembeleze, na sauti ya Mlingoti ikawafikia kutoka ndani, anamwambia dalali: "Tena asihangaike kuyapandisha. Nikihamia nitayang'oa yote, niweke meupe ya kiwandani."

Mishipa ya shingo ilimtoka Fundi. "Yang'olewe? Makabati yangu?" Akaingia jikoni kwa kishindo, akasimama mbele ya milango ile sita, mikono ameitandaza. "Nyumba haiuzwi, dada. Nenda salama." Dalali akasihi, akaapa, akataja karakana na barabara kuu. Fundi alikuwa ametia pamba masikioni. Wageni wakaondoka.

Nyumba imebaki, jiko limebaki. Nusu alipaswa kupiga vigelegele. Lakini yeye aliomba miaka yote hiyo, na leo alipolalamika mbele ya mumewe akaambiwa anamwaibisha. Kabati limetukanwa mara moja tu, na mtu ametupa karakana nzima. Akaingia ndani polepole. Fundi alikuwa anafuta kwa kitambaa pale Mlingoti aliposhika, taratibu, kwa upole ambao Nusu aliusahau.

"Wameniudhi sana," akasema Fundi bila kugeuka.

Nusu akalitazama kabati, jekundu, linang'aa, limeshikwa kwa mikono miwili. Wivu ukampanda upya, na huu ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, maana mke mwenza huyu wa mbao hakuwa mgeni wa kuaga na kuondoka.