Mla Moto wa Lango la Kasri

Tulikuwa tumefika langoni mwa kasri la wafalme, hapa Seoul, mke wangu Mal-sun kapendeza na vazi la kifalme la kukodi, mara akanikamata mkono.

"Mzee, ulizima jiko? Supu ya mwani!"

Sikukumbuka kabisa. Nikampigia jirani yetu, Mama Dong-hyeok, nikamtajia namba za kufungulia mlango.

"Nikikuta majivu nitakuzolea," akanitania, akakata simu.

Pale langoni amekaa haetae, mnyama wa jiwe aliyewekwa na wahenga ameze moto usije ukaunguza kasri. Nikampapasa tumbo.

"Babu, leo umeze na wa kwangu."

"Jiko limekushinda, sasa waongea na mawe!" Mal-sun akafoka.

Simu ikalia. "Moto umezimika, nyumba iko salama," alisema jirani. "Ila sufuria ni tupu, kama imelambwa."

Mal-sun akaketi chini na vazi lake, anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikamgeukia haetae kumshukuru. Nawaapia, alicheua, na mdomoni ulining'inia ukanda wa mwani.