Mbavu za Miaka Arobaini

Mtu akikuambia kwamba mke wa muuza nyama hula vinono, mcheke mbele yake. Mimi nimeolewa na muuza nyama miaka arobaini, na muda wote huo nimekula shingo, nimekula mkia, nimekula vipande vya pembeni visivyonunuliwa mpaka nikazijua njia zote za kuvilainisha. Mbavu? Mbavu zilikuwa za wateja. Mganga hajigangi. Nilikuwa naziona zimening'inia kwenye chumba cha baridi, nyekundu, zimezungukwa na mafuta meupe, nami nazipita na ndoo yangu ya kudekia.

Kwa hiyo tulipokaribia kutimiza miaka arobaini ya ndoa nilisema: safari hii mbavu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, jikoni. Lakini nisiwadanganye, sherehe ilikuwa kisingizio. Mume wangu alikuwa ameacha kula. Miezi minane kabla ya hapo mgongo wake ulikuwa umegoma, tukafunga bucha, na tangu hapo akawa anakitazama chakula kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake. Madaktari walipima walivyopima, hawakuona ugonjwa. Yeye mwenyewe ukimuuliza anasema, "Nimeshiba." Ameshiba nini, hewa? Suruali zake nimezipunguza kiuno mara tatu, kwa sindano yangu mwenyewe.

Binti yetu ni muuguzi katika mji mwingine. Alifika jioni ya kuamkia sherehe, akamtazama baba yake pale mlangoni, akamkumbatia, kisha akanivuta jikoni.

"Mama, baba amekwisha. Keshokutwa naondoka naye. Atalazwa kule kwenye hospitali yetu, alishwe kwa mpira wa puani."

"Utamtoa hapa?"

"Kesho akila, sahani moja tu, nimwone kwa macho yangu, namwacha. Asipokula naondoka naye. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Niliogopa. Mzee akitolewa nyumbani namna hiyo harudi, na akirudi anarudi mtu mwingine. Nami tangu niolewe sijawahi kulala ndani ya nyumba ile bila kumsikia akikohoa ubavuni mwangu. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Namna ya kupika nilifundishwa na jirani yetu, mpishi wa hoteli, mwanamume mnene tunayemwita Kofia, maana hata akienda kununua mkate huivaa ile kofia yake nyeupe ya kazini. Alinieleza juu ya ukuta wa ua, kidole juu, kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Mama, nyama hii haipikwi, inalazwa. Usiku ipake chumvi, iache wazi kwenye friji ikauke ngozi. Asubuhi itoe, ipoteze baridi. Siagi, kitunguu saumu, pilipili manga. Oveni iwashe mpaka namba ya mwisho. Dakika kumi na moja kwa kila kilo. Una kilo nne? Basi arobaini na nne. Halafu zima."

"Nizime?"

"Zima kabisa. Moto uliobaki mle ndani utaimaliza wenyewe, polepole. Lakini kwa muda wa saa mbili usifungue mlango. Hata nyumba ikiungua, mama, mlango wa oveni usifungue."

Nikafanya kama alivyosema. Saa nane mchana nikazima oveni, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake kama askari wa lindo.

Sijui niwaelezeje mchana ule. Nyumba ilinyamaza. Binti yangu, mwili mzima umejaa uchovu wa zamu za hospitali, alikuwa amelala sebuleni, viatu bado miguuni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kidevu kifuani, na pazia linajaa upepo, linatulia, linajaa tena. Bati la oveni lilikuwa linapoa kwa kugongagonga, tik, kimya, tik. Na harufu ikaanza. Haikuja kwa kishindo, ilikuja ikitambaa, kitunguu saumu kwanza, kisha siagi, kisha ile ya nyama yenyewe, nzito na tamu, ikapanda kutani, ikaingia kwenye nguo zilizotundikwa, ikanikalia kwenye kope. Nilijiambia nitafumba macho kidogo tu.

Nikaona niko buchani. Vigae vimelowa, nimeshika ndoo, na foleni imetoka nje mpaka barabarani, wateja wetu wote, hata waliokwisha kufa, na wote vijana. Mama mmoja tuliyemzika zamani ananiomba nusu kilo isiyo na mfupa, nami namwambia ngoja, mwenyewe anakuja. Mume wangu amefunga aproni yake, mgongo umenyooka. Kila nusu saa anauendea mlango wa chumba cha baridi, anaufungua, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anapima baridi kwa ngozi yake, maana kipimajoto hakukiamini hata siku moja, kisha anaufunga. Mlango ule ulikuwa na pumzi yake ukifunguka, fuuu. Nikausikia. Nikausikia tena. Nikashangaa kwa nini baridi ya leo inanukia kitunguu saumu, na kwa nini inaniunguza miguu.

Nikafumbua macho. Mlango wa oveni ulikuwa wazi, na mume wangu ameinama pembeni yangu, mkono uko ndani mpaka kwenye kiwiko.

"We! Unafanya nini?"

Akageuka. Macho yalikuwa bado usingizini. "Naangalia baridi," akasema. "Humu baridi imekwisha kabisa, mama watoto. Nyama itaharibika."

"Umefungua mara ngapi?"

Akafikiri. "Kila nusu saa," akasema, na Mungu anisamehe, alisema kwa fahari. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasorobo.

Basi nikapasuka. Nilimwambia ameniharibia siku, ameniharibia nyama, ameniharibia miaka arobaini. Nilimwambia hana akili. Nilimwambia mengine ambayo siwezi kuyaandika. Yeye alisimama tu, anausugua ule mkono uliopata moto, kisha akarudi kwenye kiti chake, akageukia dirisha. Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, shavu lina alama ya mto.

"Mama," akasema taratibu, "umeona mwenyewe. Hawezi kubaki hapa."

Hasira zangu ndizo zilizomtolea ushahidi.

Kofia alifika saa kumi, kofia kichwani, chupa ya soda mkononi. Akaichoma nyama kwa uma, akatazama damu iliyotoka, akatikisa kichwa. "Katikati mbichi hii."

"Wanasema mvumilivu hula mbivu," nikamwambia. "Mimi nimevumilia nikapata mbichi."

Akacheka mpaka kofia ikaenda upande. Akaiwasha oveni tena, akasema nusu saa itatosha, si kama ya hotelini lakini italika. Nikachemsha viazi na kabichi ili nisikae bure. Binti alikuwa chumbani anazikunja nguo za baba yake, nami nilisikia droo zikivutwa moja baada ya nyingine.

Tukaketi. Mzee nilimweka mwanzo wa meza, kwenye kiti chenye mto. Nikaileta nyama, na niseme kweli, pamoja na yote, ilikuwa nzuri kutazama, ngozi imekauka rangi ya hudhurungi, mifupa minne imesimama juu. Nikakata kipande kikubwa kuliko vyote, nikamwekea yeye kwanza, kama nilivyomwekea kila siku kwa miezi minane. Mgonjwa hutangulizwa.

Akakitazama. Akakisogeza kwa kidole. "Nimeshiba," akasema.

Binti akainamisha uso. Kofia akajikohoza akaitazama soda yake. Mimi nikaendelea kukata, maana mikono ilihitaji kazi, nikakata kwa nguvu, kisu kinagonga mfupa, kinateleza, nyama inachanika nyuzi nyuzi, na machozi yananilenga.

"Unakata kinyume," mume wangu akasema.

"Nini?"

"Unaisumbua bure. Nyama ina njia yake, wewe umeiziba njia."

"Haya kata wewe, hodari!" Nikakibwaga kisu juu ya meza, kikalia.

Akainuka. Hakushika kisu kwanza. Alienda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakausha, akajifunga taulo ya vyombo kiunoni. Kisha akakishika kisu, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa, polepole, kama anayesoma. Kisu kikashuka. Sikuona akitumia nguvu. Mifupa ikaachia, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, akaipanga pembeni, na nyama ikabaki pale, nzima, tulivu.

Akamtazama binti yake. "Wewe. Ndani au pembeni?"

"Baba, wewe kula kwa—"

"Nimekuuliza. Ndani au pembeni? Watu wanasubiri."

Hapakuwa na watu. Tulikuwa wanne tu. Binti akanitazama, midomo imefunguka, kisha akasema kwa sauti ndogo ya kitoto, "Ndani, baba."

Akamkatia. "Anayefuata!"

"Pembeni mimi, mzee," akasema Kofia, "na mafuta yake yote, usininyime."

Akacheka puani, akamkatia. "Anayefuata!" Akanigeukia mimi, akaniinamia kidogo, kwa adabu, kama vile ndiyo kwanza nimeingia dukani kwake. "Bibie, chukua hii," akasema. "Hii inakaa karibu na mfupa, ndiyo laini kuliko zote. Miaka yote niliiuza. Kila nilipoiuza nilikufikiria wewe."

Akaniwekea. Hapo ndipo jambo lilipoingia kichwani mwangu, na liliingia likiuma. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mwanamume yule akila kabla mteja wa mwisho hajatoka. Anafuta meza, anaosha kisu, ndipo anakula, amesimama, kwa mkono. Nami miezi minane nilikuwa namkalisha kwenye mto, namwekea sahani kabla ya kila mtu, cha kwanza, kikubwa. Nilifanya kwa mapenzi. Kumbe kila siku, mara tatu kwa siku, nilikuwa namwambia hapa hakuna anayekuhitaji. Nani angeweza kumeza?

"Anayefuata!"

Hakuna aliyejibu. Kisu kilikuwa kinangoja juu ya nyama. Nikamwona anatazama huku na huku, na uso wake unaanza kuzimika. Binti akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ni wewe," nikasema. "Foleni imekwisha. Umebaki wewe."

Akautazama mlango, akahakikisha. Kisha akakata kipande chembamba, akakishika kwa vidole, akakila amesimama. Alitafuna taratibu sana.

"Baba, kaa—" binti akaanza.

"Mwache," nikasema.

Akameza. Akalamba kidole. "Chumvi imepungua," akasema.

Siku nyingine yoyote ningemjibu, na ningemjibu vibaya. Nikainuka kwenda kuleta chumvi. Jikoni nilishika kopo nikalikumbatia, nikalia huku nimeuma mkono wa gauni langu, kwa hasira yangu ya mchana, na kwa miezi minane, na kwa kile kipande cha karibu na mfupa. Kutoka mezani nilisikia sauti yake, "Anayefuata!" Kisha nikasikia viti vikivutwa.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa amesimama mahali pake, kisu mkononi, anatafuna. Binti yangu alikuwa mbele yake na sahani tupu, Kofia nyuma ya binti na sahani yake. Nikaiweka chumvi mezani. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kusimama nyuma ya Kofia.